Maneno Yangu Aliyoyasema Nyanya

Mwaliko wa harusi ya binti wa shangazi yangu uliniingia kwenye simu Jumanne asubuhi, nikiwa kazini Shimanzi, malori yakinguruma nje na vumbi la godauni limetanda juu ya meza. Picha ya maua, jina la bibi arusi, ukumbi, saa, na chini kabisa ombi kwamba watoto waachwe nyumbani. Kundi zima la jamaa kwenye simu likajibu kwa vidole na mioyo. Mimi pia nikabonyeza kidole changu, kazi ikaisha. Nusu ya mji imealikwa na hakuna hata mtu mmoja aliyefungua kinywa.

Ungekuwa wanijua tangu utoto, rafiki yangu, ungeelewa kwa nini niliikodolea simu ile macho hadi dereva mmoja akagonga dirisha akaniuliza kama nimelala. Mimi ni mtu wa kigugumizi. Wala sikwami kidogo; nakwama hasa, taya linajifunga, mishipa ya shingo inasimama. Na enzi zile nikiwa mtoto pale Kibokoni, harusi zilialikwa kwa mdomo, mlango hadi mlango, na siku moja, siku moja tu, nilitumwa mimi.

Jumamosi yake nikatoka nyumbani Tudor kwa tuktuk, nikashuka mahali ambapo vichochoro vinakuwa vyembamba, nikaingia kwa miguu. Nyumba ya nyanya imeuzwa. Walioinunua wameifanya ya kulaza wageni, wameipaka chokaa nyeupe pe, na pale tulipokuwa tukisimama kupiga hodi wameweka kengele ya umeme. Nilidhani nitalia, lakini wapi! Nilisimama kama aliyekuja kusoma mita ya maji. Nikanunua viazi karai kwa mama mmoja pembeni, nikala nimesimama, ukwaju ukanichirizika hadi kwenye kiwiko, na ndipo mambo yakaanza kunirudia moja moja.

Nililelewa na nyanya, mama wa baba yangu. Wazazi wangu walikuwa Maskati kwa kazi, wakija mara moja moja na masanduku ya nguo zilizokuwa tayari zimenibana. Nyumbani tulikuwa watatu: nyanya, shangazi yangu ambaye alikuwa bado hajaolewa, na mimi. Asubuhi niliamshwa na sauti ya nyanya akikuna nazi, kwaru kwaru kwaru, amekalia mbuzi yake uani, halafu ikaja harufu ya iliki kutoka kwenye mahamri, na muuza kahawa akipita nje akigonganisha vikombe vyake. Kazi yangu ilikuwa kuchuja tui la mbaazi. Nilikuwa nalichuja huku nikidokoa machicha, na nyanya akijifanya haoni.

Nyanya alikuwa mtu wa heshima zake. Kwetu mtoto hakumkazia mtu mzima macho. Ukisema na mkubwa unainamisha uso, unabusu mkono, unajibu ulichoulizwa, basi. "Macho hayo wayatoa kwa nani?" angeniambia nikisahau. Kwa hiyo watu wazima wa mtaa ule niliwajua zaidi kwa miguu. Nilijua nani ana visigino vilivyopasuka, nani huvaa ndara za mumewe, nani ametia hina na nani imeanza kumtoka. Sikuona ubaya wowote, na tena ilinifaa, kwa sababu nilipokwama sikulazimika kuona uso wa ninayemkwamia.

Dawa zilijaribiwa, usidhani nilitupwa. Mwalimu wa chuoni, pale tulipokuwa tukisoma Qur'ani, aliniandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, nyanya akaiosha kwa marashi ya waridi, nikanywa maji yale kila asubuhi siku saba. Yalikuwa yananukia vizuri. Kigugumizi hakikusogea hata unyayo. Kilichomshangaza mwalimu ni kwamba katika kusoma sikukwama kabisa. Tulisoma kwa mahadhi, wote kwa pamoja, na sauti yangu ilitiririka kama ya wenzangu. Alimwambia nyanya, "Ulimi wa mtoto huyu mzima. Una pupa tu." Nyanya akaitikia, nami nikatazama viatu vya mwalimu, vilivyokuwa vimeshonwa pembeni kwa uzi wa rangi nyingine.

Basi shangazi akaposwa. Nyumba ikageuka soko. Wanawake wa mtaa walikuja kutusaidia kuchagua mchele, wameketi mikekani na nyuteo mapajani, mawe madogo yakirushwa pembeni, na porojo zisizokuwa za watoto zikisemwa mbele yetu kana kwamba hatuna masikio. Nyanya akagawanya mitaa: fulani ataalika huku, fulani kule, mpaka watu wa karibu na Feri walipata mtu wao. Mmoja wa waalikaji akaamka na homa, na milango mitano ya kichochoro chetu ikabaki haina mtu.

Nikamwendea nyanya, nikamwambia nataka kwenda mimi. Ilinichukua muda kuimaliza sentensi hiyo, na shangazi alikuwa amekwisha kunihurumia kabla sijafika mwisho. Lakini nyanya alifikiri, akasema, "Haya. Utakwenda weye." Mpaka leo sijui alikuwa na moyo gani siku ile. Akanifundisha maneno: nyanya awasalimu sana, na mwaalikwa Alhamisi baada ya alasiri, mje muone hina ya mtoto wenu. Nikayafanyia mazoezi uani kwa mahadhi ya chuoni, yakatoka laini, hayana hata tundu. Nilifurahi, wallahi. Nafikiri hiyo ndiyo furaha kubwa ya mwisho ninayoikumbuka vizuri.

Sasa kuna jambo lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa yaliyotokea. Msiba nao ulipelekwa mlango hadi mlango. Mpeleka habari hakuketi wala hakunywa maji. Alisimama kizingitini, macho yake chini, asiseme neno lenyewe, maana hakuna aliyetaka kulitamka. Mwenye nyumba alimtazama, akaona yale macho yaliyoinama, akamalizia mwenyewe. Kila mtu wa mtaa wetu alijua kulisoma hilo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu muuza bajia, mwanamke mnene wa kelele nyingi na moyo wa siagi. Nilikuwa nimevaa kanga mpya, nimefukizwa udi. Nikapiga hodi, akanifungulia mkono umejaa unga wa dengu.

"Karibu, mwanangu. Kuna nini?"

Nikainamisha uso kama nilivyofunzwa. Nikaona vidole vyake vya miguu na tone la mafuta juu ya kucha. Nikafungua kinywa niseme nyanya awasalimu, na taya likafunga. Ny, ny, na hata hiyo haikutoka kwa sauti. Mahadhi ya uani yote yalikuwa yamenipotea. Nilijikamua mpaka machozi yakanitoka. Hayakuwa ya huzuni, ni ya nguvu tu, kama yamtokayo mtu akibeba ndoo inayomshinda.

"Nini, mama? Sema. Ni nani?"

Sikuweza. Na wala sikuinua macho, kwani nani angeinua macho? Kama ningemtazama mara moja tu angeona kwamba natafuta neno, basi, angengoja. Lakini alichokiona ni mtoto aliyesimama kizingitini pake, hakai, hasemi, uso chini, machozi yanatiririka.

"Nyanyako?" akasema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Mungu wangu, na arusi ndiyo hii!"

Akanikumbatia, akanipaka unga wa dengu kichwani, akaacha karai ya mafuta motoni, akavuta buibui, akatoka akigonga kila mlango. Nilimfuata nikimvuta nguo. Nilitaka kumwambia hapana. Hebu fikiria, neno dogo kama hapana. Kabla hatujafika mwisho wa kichochoro, kilio kilikuwa kimeshika nyumba nne, redio zimezimwa, na mzee mmoja keshatoka kwenda msikitini kuuliza habari za jeneza.

Walipoingia kwetu, nyanya alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi za wali wa jioni. Akawatazama wale wanawake wote wenye mabuibui.

"Mwamlilia nani?"

Muuza bajia akasema, huku angali analia, "Twakulilia weye."

"Basi ngojani nife kwanza," akasema nyanya, akaendelea kukuna.

Eh! Walicheka watu siku ile mpaka wengine wakakaa chini. Walicheka na kulia kwa pamoja, wakampiga nyanya mabusu, muuza bajia akakumbuka karai yake akatimka mbio, na hilo nalo likachekwa. Harusi ya shangazi ilikuwa na mzaha wake tayari. Hakuna aliyenikasirikia. Mmoja alinifinya shavu akasema, "Huyu ndiye mwua watu wetu." Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, na nakumbuka vizuri kwamba sikuhisi kitu. Nilingoja aibu ije, haikuja. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jioni nyanya alinitoa unga wa dengu kwenye nywele, akanisuka upya. Alikuwa akisuka taratibu kuliko siku zote. Akasema, "Usijali, mwanangu. Tangu leo hutumwi tena na neno. Nitakusemea mimi." Milango yangu mitano akaenda kuialika yeye mwenyewe usiku ule ule, na miguu yake mibovu.

Na kweli alinisemea. Dukani kwa Muhindi alisema nataka nini kabla sijafika kaunta. Wageni wakiniuliza jina, alilitaja yeye. Wazazi wakipiga simu kutoka Maskati, alishika simu akawaambia, "Anasema hajambo, anasema amewakumbuka," nami niko pembeni, sijasema chochote, na pengine siku hiyo nilikuwa sijawakumbuka hata. Lakini alisema kwa upendo, na alisema vizuri kuliko mimi, kwa hiyo nikaacha.

Shuleni alikuja mwalimu mpya, mwanamke wa bara, mkali lakini si mbaya. Yeye alitaka kinyume cha nyanya. "Niangalie usoni unapozungumza na mimi," aliniambia, akaniinua kidevu kwa kidole. "Unatazama chini unaficha nini?" Nikamtazama, macho yakanitoka pima, na darasa zima likakata pumzi likingoja. Neno halikutoka. Kesho yake nyanya alivaa buibui lake zuri akaja shuleni. Alimwamkia mwalimu kwa salamu ndefu za kwetu, akamuuliza hali, na watoto, na watu wa kwao, halafu akamwambia kwa upole kwamba mtoto huyu asisimamishwe tena. Mwalimu akakubali. Akaruka jina langu siku ile, na kila siku iliyofuata, mpaka nikamaliza shule. Nilikaa dirishani, nikawa najua majibu yote, na ilikuwa kama ile sindano ya ganzi ya daktari wa meno: huumii, ila pia huwezi kujua kama mdomo ni wako.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye kazi na mshahara, nilipompata mwanamke mmoja hapa Tudor anayefundisha watu wa namna yangu. Hakunipa dawa. Alichonifundisha kilikuwa kimoja tu, na nilikichukia kwa miezi: mtazame mtu machoni, kisha kwama. Usikimbie kwa macho. "Ukiondoa macho," alisema, "unamwambia mwenzako amalizie." Nikajikaza kisabuni, nikaanza na madereva. Mtu anakuja dirishani na karatasi zake, ana haraka, namtazama, nakwama, namtazama vilevile, na amini usiamini, wengi wao wanangoja. Wapo wanaopuliza pumzi na kutazama saa. Hao nawakwamia makusudi.

Nyumbani lakini sikuweza. Nikiingia kwa nyanya macho yalishuka yenyewe, na yeye alinisemea bila kufikiri, kama mtu anayezima taa akitoka chumbani.

Miaka minne iliyopita alilala asiinuke. Alikuwa amehamia kwa shangazi, na tulijua ni siku chache. Watu wakaanza kuja kuombana radhi, kama inavyofanywa: unakaa karibu na mgonjwa, unamwambia niwie radhi kwa yote, naye anakuwia, na wewe unamwia, ili asiondoke mtu na kinyongo. Muuza bajia alikuja akishikwa mkono, amekwisha kuwa mzee naye, akakumbusha siku waliyomlilia bure, na nyanya akatabasamu.

Mimi neno langu lilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya kila mtu: nyanya, niwie radhi. Nusu ya pili ilikuwa yangu peke yangu, na nililala nayo wiki nzima: na mimi nimekuwia radhi kwa maneno yangu yote uliyonisemea. Nilitaka aisikie kutoka kinywani mwangu. Nilitaka ajue kwamba ilikuwa imeniuma, hata kama sikuwa naisikia ikiuma, na kwamba sasa nimeiachilia. Sijawahi kutaka kusema jambo lolote duniani kama nilivyotaka kusema hilo.

Zamu yangu ikafika. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono, nikauinua uso wangu, nikamtazama machoni. Mtu aliyenilea, na sikuwa nimewahi kumtazama hivyo. Macho yake yalikuwa na duara la kijivu kuzunguka mboni, na alinitazama pia, hakuniuliza nayatoa kwa nani. Alikuwa akingoja. Naapa nyanya alikuwa akingoja.

Ny, nikaanza. Nikakwama. Sikuondoa macho. Nikajua itatoka, niliihisi inapanda, ilihitaji kidogo tu.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. Akaniwekea mkono begani, mkono mzuri, wa huruma, akiwa analia. Akasema, "Mama, mjukuu wako akuomba radhi."

Macho ya nyanya yakaniacha, yakapanda juu yangu hadi kwa shangazi. Akamjibu yeye.

"Mwambie nimemwia radhi, dunia na akhera."

Mwambie. Nami nilikuwa nimemshika mkono.

Akafumba macho kupumzika, mwingine akaambiwa aingie, nikainuka kumpisha. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyetumwa mlango hadi mlango. Habari ilikwenda kwenye simu, na watu walikuja kwa wingi vilevile. Sikulia mazikoni wala matangani. Watu walisema nina moyo mgumu, wengine walisema nina imani. Shangazi nampenda, na sijamwambia kwamba alinikata neno, kwa kuwa hakufanya kosa. Alifanya lile lililofanywa nyumbani kwetu siku zote, na alilifanya kwa wema.

Nusu ya kwanza ilifika, basi, japo kwa kinywa cha mwingine. Ya pili ninayo mpaka leo. Huwa naisema nikiwa chumbani kwangu, mlango umefungwa, tangu mwanzo hadi mwisho, na haikwami hata mara moja. Nikiwa peke yangu sijawahi kukwama.